Kiti cha Baba Mkwe

Kwetu Unyakyusa, mke akikutana njiani na baba wa mumewe, huingia migombani akageuza mgongo mpaka mzee apite. Ziwani hakuna migomba. Ningependa wote wanaonihukumu waanze na hilo.

Naeleza kwa ajili ya wasiotoka kwetu. Mkwe wa kike hamtazami baba mkwe wake usoni, hakai naye chumba kimoja, hali mbele yake, wala halitaji jina lake. Sisi tunaita ukutila. Ni kuogopa, lakini kuogopa kwenye heshima ndani yake. Tangu Ezekia anioe na kunileta Kyela, desturi hiyo nimeitunza. Nina stashahada ya ualimu niliyoisomea Iringa, na bado nimesimama migombani na madaftari ya wanafunzi kichwani, mvua ikininyeshea, nikisubiri mzee amalize kuzungumza na jirani yake barabarani. Sikulalamika. Hata hapa jina lake sitaliandika.

Sasa tuje kwenye meli.

Mwaka sabini na tano walimu wenzetu wa Iringa walikuja kututembelea, wakaja na bendi yao. Kamati ya mapokezi, ambayo mwenyekiti wake alikuwa Ndugu Joachim, iliamua kuwatembeza ziwani jioni: watoke bandari ya Itungi, wale chakula majini, wasikilize muziki na kutazama jua likizama upande wa Malawi, kisha warudi. Meli yenyewe ilikuwa ile ndogo ya kubeba magunia. Waliifagia, wakapanga viti vya shule, wakafunga turubai na kutundika karabai.

Ndugu Joachim alinijia nyumbani mapema.

"Mwalimu Tusajigwe, tunataka shairi la kuimbwa na bendi. Liwe na ukali kidogo, lakini lisiume."

"Lisiwe na meno?"

"Liwe nayo. Ila yawe meno ya maziwa."

Nilicheka, nikakubali. Nimeandika mashairi tangu nikiwa msichana wa shule, na yote yalisomwa na watu wengine. Moja alilisoma mwalimu mkuu, lingine mgeni rasmi, mengine wanafunzi waliosemekana kuwa na sauti nzuri. Mimi nilikaa nyuma nikiwasikia wakipumua mahali pasipofaa kupumua. Safari hii nilimwambia Joachim kwamba nitaimba mwenyewe, na akasema sawa. Mpiga gitaa wa bendi, kijana wa Kihehe aitwaye Liberatus, aliyatia maneno yangu tuni, tukafanya mazoezi darasani kwangu baada ya watoto kuondoka. Nilijua kila pumzi inapokaa.

Meli iliondoka jua likiwa bado juu kidogo. Tulipita kwenye matete ya mdomo wa mto, tukatokea ziwani. Milima ya Livingstone upande wa mashariki ilikuwa imeshika rangi ya tofali lililotoka tanuruni. Harufu ya mbasa, samaki wa ziwa letu, wakikaangwa ilijaa kote. Nilikuwa nimesimama na bendi nikimsaidia Liberatus kufungua waya wa kipaza sauti, nikainua macho.

Nyuma ya meli, kwenye kiti kikubwa chenye mikono kilicholetwa kutoka ofisini, alikaa baba mkwe wangu na kofia yake nyeusi.

Nilivuta khanga usoni. Hakukuwa na pa kwenda ila ngazi ya kushukia kwenye injini, nikashuka.

Chini kulikuwa na joto, mafuta ya dizeli, na magunia matupu yaliyonuka usipa, dagaa wa huku kwetu, wa wiki iliyopita. Ezekia, mume wangu, ambaye ni karani pale bandarini, alinifuata mbio.

"Afadhali umeshuka," akasema.

"Ulijua kwamba atakuja?"

"Nimejua bandarini. Joachim kamwalika leo asubuhi. Si unajua, mchele wanaokula leo umetoka shambani kwake."

"Shambani kwake."

"Tusa, usianze."

"Sijaanza. Nimerudia ulilosema."

Akajipangusa jasho. "Kaa hapa. Chakula utaletewa. Liberatus ataimba badala yako, nimeshaongea na Joachim."

"Umeshaongea kabla ya kuongea na mimi?"

"Ungetaka nifanyeje? Nimrushe baba majini?"

Akapanda ngazi. Ezekia si mtu mbaya. Ni mtu anayependa kila jambo limalizike kabla halijaanza.

Baadaye wifi yangu Yudith alishuka na sahani, akainama chini ya bomba la injini ili asijigonge.

"Hongera, wifi. Wenzako wanabanana huko juu, wewe umepewa ukumbi mzima."

"Na bendi yangu hii hapa," nikasema, nikionyesha injini.

"Inapiga vizuri kuliko ile. Haikosei."

Tulicheka, lakini wali haukupita. Mpunga ule tuliupandikiza sisi, mimi na Yudith na mama mkwe, maji yakiwa magotini na ruba wakitushika miguuni. Nilifundisha asubuhi na kuinama shambani mchana. Tukiwa bado tunatazamana, sauti ya Joachim ilishuka kutoka kwenye kipaza sauti:

"Ndugu wageni, wali huu mnaoulambia vidole ni jasho la mzee wetu huyu! Tumpigie makofi!"

Makofi yakapigwa. Yudith alitazama vidole vyake, ambavyo kucha zake bado zilikuwa na weusi wa tope, akasema polepole, "Jasho la nani?" Kisha akaondoka bila kuchukua sahani.

Aliyefuata ni Liberatus, gitaa likining'inia begani.

"Dada, nakuja kuuliza. Ule ubeti wa mwisho nauvuta au naukata?"

"Unaukata."

"Haya. Na nikutaje vipi? Ndugu Joachim kasema niseme tu, 'maneno ya mwalimu mmoja.'"

"Mwalimu huyo hana jina?"

"Analo. Ila nimeambiwa mzee atafedheheka akilisikia mbele za watu."

"Mzee analijua jina langu, Liberatus. Alilitolea ng'ombe."

Akacheka, akaona mimi sicheki, akaacha. Nilisimama. Ningeweza kuvumilia joto, na ningeweza kuvumilia dizeli. Ila kuketi chini ya sakafu nikisikiliza maneno yangu yakiimbwa juu yangu na mtu anayeuliza ayavute au ayakate, hapo uvumilivu uliniishia.

"Tangulia," nikamwambia. "Shika kipaza sauti. Utasema nitakachokuambia, wala usiongeze chumvi."

Nilijifunika khanga kichwa chote. Nilipofika juu sikugeuka upande wa nyuma hata mara moja. Nilitembea hadi kando ya ngoma, nikasimama nimeelekea mbele ya meli, mgongo wangu ukiwa upande wa mzee. Mazungumzo yalikatika. Wageni wa Iringa walidhani ni sehemu ya mchezo, wakapiga makofi. Wenyeji hawakupiga.

"Sema hivi," nikamwambia Liberatus. "Mkwe anamsalimu Baba kwa heshima."

Liberatus hakuwa mtu wa kwetu, hakujua uzito wa alichobeba. Alisogeza kipaza sauti mdomoni na kutangaza kama anayemkaribisha mgeni rasmi: "Mzee, mkweo anakusalimu kwa heshima!"

Sauti ikaenda ziwani na kurudi. Nikasikia nyuma yangu mtu akikohoa, kisha sauti nzito isiyo na haraka.

"Mwambie nimeitikia. Halafu mwambie ashuke."

"Dada, umeitikiwa," Liberatus akasema, bado kwenye kipaza sauti. "Halafu ushuke."

Wageni wakaangua kicheko. Nilijibu kutoka chini ya khanga, na sauti ilitoka nzima.

"Mwambie nimealikwa kuimba, na nitaimba. Mgongo nimegeuza kama inavyotakiwa. Namwomba na yeye ageuze kiti chake, atazame jua linavyozama. Sitamwona na hataniona. Desturi itabaki salama."

Liberatus aliinua tena kipaza sauti. "Mzee... unaombwa ugeuze kiti."

Hapo hata Wairinga waliacha kucheka. Ezekia aliita, "Tusa!" kwa sauti ya mtu anayeona sufuria likianguka.

Mzee alikohoa tena. Kisha: "Muulize, tangu lini mimi nikampisha yeye?"

"Mwambie kijijini njia ni yake. Nimempisha kila siku na sijachoka. Humu melini tumealikwa wote, na mimi nilialikwa kwanza."

Kabla Liberatus hajafungua mdomo, Joachim alikuja mbio, mkono mmoja una paja la kuku. "Ndugu wageni, ndugu wageni, tuendelee na muziki laini..."

"Muache aimbe!" Ilikuwa sauti ya Yudith kutoka kwenye masufuria. "Mpunga huo tulipanda naye!"

"Yudith, nyamaza," Ezekia akasema.

"Nyamaza wewe, hujawahi kuliona tope!"

Halafu nikasikia mbao zikikwaruza sakafu ya chuma. Taratibu, kama kabati linavyosogezwa. Sikugeuka kutazama. Uso wake wakati ule siujui mpaka leo, na walioutazama hawakubaliani. Yudith anaapa kwamba mzee alikuwa anatabasamu. Ezekia anasema alikuwa amekunja uso kwa hasira. Ninachojua ni kwamba mkwaruzo ulikoma, Liberatus akanipa kipaza sauti, akanong'ona, "Anatazama jua."

Nikasema jina langu, lote. Kisha nikaimba.

Mpunga nimeupanda,
matope nikayapenda,
mavuno yalikokwenda
sikuambiwa na mtu.

Beti zilikuwa nyingi, na huo ulikuwa mpole kuliko zote. Gitaa la Liberatus lilikuwa likinifuata nyuma kama mtoto mtiifu. Nilipumua pale pa kupumua. Nilipofika ubeti wa pili, Yudith na wapishi wengine walitoka na miiko yao mikononi, wakawa wanaupokea ule mstari wa mwisho, sikuambiwa na mtu, mmoja akigonga kifuniko cha sufuria. Maji yalikuwa mekundu pande zote. Niliukata ubeti wa mwisho, pap, na kwa muda ikasikika injini tu.

Meli iliporudi Itungi, baba mkwe alishuka wa kwanza. Mimi nilisubiri nimejifunika mpaka taa ya baiskeli yake ilipopotea.

Kama mambo yangeishia hapo nisingeandika. Lakini Kyela ina midomo. Sokoni wakaanza kusema kwamba mzee fulani kageuzwa kiti na mkwewe, na kwamba sasa atageuziwa hata sahani. Ukoo ukaitisha kikao. Wazee walikaa uani, nami nikakaa nyuma ya ukuta wa jiko, nikisikia kila kitu bila kuonekana. Mzee mmoja alisema stashahada imeniharibu. Mwingine akasema hapana, ni Iringa. Yudith, aliyekuwa anawapikia chai, akasema labda ni mbasa, na akafukuzwa uani.

Mwisho baba mkwe mwenyewe akasema.

"Wimbo sina neno nao. Nimeusikia. Ila kiti nimekigeuza mbele ya wageni. Aombe radhi kwa kiti, yaishe. Asipoomba, asikanyage hapa kwangu wala shambani kwangu."

Nilielewa uzito wake. Si shamba nililolililia, tope ni tope. Ila kutokanyaga pale ni kutomwona mama mkwe, aliyenifundisha kupandikiza bila kuumiza mgongo, na aliyenifichia maziwa nilipokuwa naumwa. Aliketi pamoja nami nyuma ya ule ukuta, na mkono wake ulikuwa juu ya goti langu. Hakuniambia niombe, wala hakuniambia nisiombe.

Ezekia alizunguka ukuta, akachuchumaa mbele yangu.

"Neno moja tu, Tusa. Mimi nitalipeleka. Hata kama hulimaanishi."

"Kazi yangu ni maneno, Ezekia. Nisilolimaanisha silitoi."

"Kwani uliimba, hukuimba?"

"Niliimba."

"Basi umepata ulichotaka. Kiti kinakugharimu nini?"

"Nikiomba radhi kwa kiti, nimesema mahali pangu palikuwa kule kwenye magunia. Kesho kutwa wataniita tena niandike, na wataniteremsha tena, na safari hiyo mtasema nilishakubali. Nilimsalimu. Nilimfunikia uso. Nilimwomba kwa adabu, na yeye akageuka mwenyewe, hakuna aliyemshika mkono. Kosa liko wapi?"

Alimtazama mama yake, na mama yake akatazama moto. Huko uani wazee walikuwa wakisubiri, vikombe vimewekwa chini.

"Sasa nikawaambie nini?"

"Kwamba siombi radhi."

"Niwaambie unafikiria kwanza?"

"Usiwaambie nafikiria. Nimeshafikiria. Siombi radhi."