Kutobolewa Siyo Kupasuliwa

Wewe unayeficha vidonge ndani ya kopo la vifungo, kaa kitako, habari hii inakuhusu.

Palikuwa na fundi cherehani mmoja, mama mtu mzima, mwenye chumba cha kushonea kinachotazama barabara. Cherehani mbili, meza ya kukatia, kioo kirefu chenye ufa pembeni, na pazia la wateja kujaribia nguo. Alishona pamoja na binti yake wa pekee. Mtaani mama aliitwa Fundi. Binti aliitwa Bonge, kwa sababu ya unene wake, na jina hilo alipewa na mama yake mwenyewe.

Zamani Fundi naye alikuwa bonge. Akikaa kwenye stuli, stuli inalia. Magoti yakamtesa, sukari ikapanda, akipanda ngazi tatu anahema kama aliyekimbizwa. Basi siku moja akaaga kwamba anakwenda semina ya ushonaji, mji wa mbali. Semina hakuiona kwa macho. Alilazwa hospitali, wakamtoboa matundu madogo tumboni, wakapitisha vyuma vyembamba na kamera, wakalikata tumbo lake la chakula likabaki kifuko cha kutosha vifungo vya koti moja. Utumbo nao wakauunganisha kwa njia ya mkato. Akarudi amechoka, akasema huko semina chakula kilikuwa kibovu.

Mwili ukaanza kuyeyuka. Magoti yakatulia, sukari ikashuka. Hilo niliseme wazi, matibabu yale yalimfaa. Ubaya haukutoka huko. Ubaya ulianza pale wateja walipoanza kuuliza.

"Fundi, siri ni nini?"

Naye akajibu lililomjia mdomoni. "Maji ya ndimu asubuhi. Na nidhamu."

Maji ya ndimu yangesahaulika. Lile neno nidhamu ndilo lililomponza, maana lilimvimbisha kichwa. Wanawake wakaja kupunguziwa magauni, wakaondoka na mahubiri. Na aliyehubiriwa kuliko wote alikuwa palepale, kwenye cherehani ya pili.

"Mimi nimeweza," Fundi alimwambia mbele za watu, pini mdomoni. "Wewe unashindwa nini?"

"Hayo maji nakunywa, mama."

"Unakunywa mkono mmoja, mkono wa pili una mkate."

Wateja wakicheka, Bonge naye anacheka. Ukichekwa nawe ukacheka, maumivu hupungua kidogo.

Kisha Fundi akamshonea binti yake gauni la buluu, akalishona jembamba makusudi. Fundi yeyote mwenye akili huacha akiba ya kitambaa ndani ya mshono, ili mwenye nguo akinenepa iachiliwe. Gauni lile akiba yote aliikata, hadi karibu na uzi. "Asipate pa kukimbilia," alimwambia mdogo wake, ambaye Bonge alimwita mama mdogo. Likatundikwa ukutani, juu ya kichwa cha Bonge. Kila mteja aliyeingia aliliona, akamtazama na Bonge, akajua. Likakaa hapo hadi mabega yakapauka kwa jua.

Sasa sikilizeni habari ya kopo. Daktari wa lile tumbo alikuwa amemwambia mambo mawili. La kwanza, atameza vidonge vya vitamini na vya madini ya chuma maisha yake yote, kwa kuwa utumbo uliofupishwa haunyonyi kila kinachopita. La pili, kuna dawa za maumivu asiziguse, zitamtoboa kile kifuko. Fundi alivificha vidonge kwenye kopo la vifungo. Siku moja Bonge akalifungua akitafuta kifungo cha shati.

"Mama, hivi ni vya nini?"

"Vya mteja. Kasahau."

Jioni hiyohiyo Fundi akavitupa chooni, na hakununua vingine.

Kivimbe alikigundua mbele ya kile kioo chenye ufa. Alikuwa akijipimia blauzi, kidole kikapita kwenye titi, karibu na kwapa, kikakuta kitu kigumu kama kifungo kilichopotelea ndani ya bitana. Vipimo vikasema ni saratani.

Daktari wa saratani alikuwa mwanamke mpole, mwenye miwani iliyomteleza puani. Bonge alikaa pembeni, ameshika mkoba wa mama yake kwa mikono miwili.

"Mama, umewahi kupasuliwa?" daktari aliuliza.

Fundi aliangalia viatu vyake. Akajisemea moyoni kwamba kupasua ni mkasi utoke huku ufike kule, kama kitambaa kinavyopasuliwa mezani. Yeye alitobolewa. Kutobolewa siyo kupasuliwa. Hapo si kudanganya.

"Hapana, daktari. Sijawahi."

"Na huku kukonda? Naona ngozi imelegea sana."

Bonge akadakia, uso unang'aa. "Mama alipungua mwenyewe, daktari. Kwa nidhamu tu. Mtaa mzima unamwiga."

Fundi alitamani sakafu ifunguke. Haikufunguka.

Titi likatolewa. Yale makovu ya tumboni alipoulizwa, alisema majipu ya utotoni. Kisha zikaja dawa za dripu, na hapo mambo yakaanza kukwama. Kila akifika hospitali, damu iko chini. Rudi nyumbani, kula, ukiongeza damu njoo. Akirudi, damu imeshuka zaidi. Wagonjwa alioanza nao walikuwa wanakaribia kumaliza, yeye bado anapigwa kalenda, na saratani haina subira ya kungoja mtu.

"Dada," nesi alimwambia Bonge, "mama unampa nini nyumbani?"

Bonge akahamia jikoni. Maini, mboga za majani, uji mzito, supu ya mifupa. Fundi anakula vijiko vichache, kile kifuko kinajaa, anasukuma bakuli. Akilazimishwa anatapika. Vyakula vinarudi jikoni, na mama mdogo anavihesabu kwa macho.

"Mgonjwa anakwisha, muuguzi ananawiri," alisema siku moja mlangoni, kwa sauti ya kusikika. "Hilo sufuria linaishia wapi, Bonge?"

"Mama mdogo, mimi sijala tangu asubuhi."

"Sijasema neno. Nimeuliza sufuria."

Fundi alikuwa kitandani amegeukia ukuta. Alisikia kila kitu. Alijua damu imekwenda wapi, alijua chakula kinakwama wapi. Angetamka maneno mawili tu, binti yake angepona masimango. Lakini maneno hayo yangelibeba na lile gauni la buluu, na nidhamu, na miaka yote ya kucheka. Akavuta shuka hadi shingoni.

Kisha mifupa ikaanza kumuuma. Bonge alikwenda duka la dawa, akarudi na vidonge vya maumivu na kikombe cha uji. "Kunywa uji kwanza, mama, ndipo umeze. Wamesema ni vikali."

Fundi alivitambua. Ndivyo vile alivyokatazwa. Kuvikataa kungetaka sababu, na sababu hakuwa nayo isipokuwa ile moja. Akameza. Akameza na kesho yake, na siku zilizofuata, huku binti yake akimwuliza kama anapata nafuu, naye akisema ndiyo.

Asubuhi moja alitapika kitu cheusi kama masalia ya kahawa, akaanguka kati ya kitanda na mlango.

Hospitalini alipozinduka, daktari wa miwani alikuwa ameshika pakiti ya vile vidonge. Mama mdogo alisimama dirishani, mikono kifuani. Bonge alikuwa ameinamisha kichwa.

"Nani alimpa hizi?"

"Mimi, daktari," Bonge alisema. "Ni mimi niliyenunua. Nilimpa mwenyewe."

"Nilisema mimi," mama mdogo alinong'ona. "Nilisema huyu mtoto atatuulia mtu."

Bonge hakujitetea. Alikuwa ameshaamini kwamba kosa ni lake. Fundi alipouona ule uso, aliona afadhali afe kwa aibu kuliko amwache mwanawe aishi nayo.

"Nilitobolewa," alisema.

"Unasemaje, mama?"

"Uliniuliza kama nimepasuliwa, nikasema hapana. Nilitobolewa. Walilikata tumbo ili nipungue. Yale siyo majipu."

Daktari aliivua miwani, akakaa ukingoni mwa kitanda. Hakufoka, na hilo likamwumiza Fundi zaidi. Alieleza polepole kwamba damu ilikuwa inashuka kwa sababu vitamini na chuma hazikuwa zikinyonywa, na kwamba angejua, angempa kwa sindano tangu mwanzo. Kwamba hizo dawa za maumivu zimechimba kidonda kwenye kile kifuko. Kwamba baada ya dripu kuna vidonge vya saratani vya kumeza kwa miaka, na kwa utumbo kama wake huenda visifyonzwe vyote, kwa hiyo itabidi wampime na kumfuatilia, pengine wabadilishe dawa.

"Ndiyo iliyoleta kansa?" mama mdogo aliuliza.

"Hapana. Kupungua kulimsaidia. Pengine hata kivimbe asingekipapasa mapema angekuwa mnene vile. Kilichotuchelewesha ni kutojua."

Bonge aliinua kichwa, akamtazama mama yake kama mtu anayesoma kibao kwa mbali.

"Yale maji ya ndimu?"

"Yalikuwa maji tu, mwanangu."

Bonge aliuweka mkoba wa mama yake juu ya kitanda, taratibu, akatoka nje. Mama mdogo alimfuata, kisha akasimama mlangoni, hakujua aende wapi.

Fundi alichomwa zile sindano, kidonda kikatibiwa, damu ikapanda, dripu zikaendelea. Itakuwaje mbele, hata daktari hasemi. Alirudi kwenye chumba cha kushonea amefunga kitambaa kwenye kichwa kilichobaki bila nywele. Siku ya kwanza tu alipanda stuli, akalishusha lile gauni la buluu, akaligeuza ndani nje, akavuta mishono kwa kucha. Hapakuwa na cha kuachilia.

"Naweza kuunga kitambaa ubavuni," alisema.

"Kiungo kitaonekana," Bonge alijibu, macho kwenye sindano ya cherehani yake.

"Basi nikushonee jingine. Njoo nikupime."

"Bado, mama."

Bonge alimwekea glasi ya maji na vidonge juu ya meza ya kukatia, mahali pa wazi. Fundi akavimeza. Mteja mmoja aliyekuja na sketi ya kupunguza alikuwa akimtazama.

"Pole na ugonjwa, Fundi. Ila umbo bado unalo. Ni yale maji ya ndimu, eti?"

Cherehani ya Bonge ilinyamaza.

"Nilikatwa tumbo hospitali," Fundi alisema. "Maji niliwadanganya."

Mteja akacheka, akampiga begani. "Unapenda mzaha wewe. Sema kweli, nami nipungue."

Nyuma yake Bonge hakugusa pedali. Fundi akaiweka ile glasi, akanyanyua blauzi hadi kwenye mbavu, mchana kweupe, mlango uko wazi, akaweka kidole kwenye tundu la kwanza, kisha la pili.