Upindo wa Gauni Jeupe

Wifi yangu aliporudi kutoka hospitali hakuomba maji wala kitanda. Aliomba kitambaa cheupe alichokuwa amekificha juu ya kabati.

"Daktari kasema hakuna dawa iliyobaki," akaniambia, akitafuta miwani. "Basi nishonee gauni la kuzikiwa, maana mikono yangu inatetemeka. Na usinishonee gunia kama lile ulilovaa siku ya harusi yako."

"Gunia lile ulilishona wewe."

"Ndiyo. Nilikuwa sikupendi."

Tangu mume wangu, kaka yake, atutoke, tunaishi wifi na mimi, nyumba moja, cherehani moja. Asubuhi tunachokozana, jioni tunasali. Kwa hiyo gauni halikutushinda. Aliyetushinda ni mwanawe.

Mwanawe ni fundi bomba, jitu la miraba minne, lakini neno moja tu la kifo linamkimbiza. Mama yake akianza, "Siku nikiondoka," yeye hudakia, "Unaenda wapi, mama? Mwezi ujao utaruka kamba!" Kisha huchukua spana akaenda kukaza bomba ambalo halivuji. Ikafika mahali mabomba yote ya nyumba ile tunayafungua kwa taulo, wanawake wawili tumeshikana viuno. Nikawa naomba: Bwana, mpe huyu kijana machozi kabla hatujafa kwa kiu.

Wifi yeye hakucheka. "Nikifa hajaniaga, atakaza mabomba maisha yake yote," akasema. "Lazima aniage nikiwa nasikia."

Gauni likaisha, ukabaki upindo. Hapo tukagombana, maana nilikuwa nimempima urefu akiwa kitandani.

"Umenipima nimelala?"

"Si ndivyo utakavyolazwa?"

"Nitalazwa kwa muda tu, wewe! Parapanda ikilia nitasimama. Nikanyage gauni nianguke mbele za watakatifu wote, mumeo ananitazama? Nipime nimesimama."

Miaka yote hiyo kanisani, na mimi nimeshona kama mtu asiyetegemea kufufuka! Nikamvika gauni, nikachukua pini, nikaanza kupiga magoti. Wifi akanizuia, na jicho lake lilikuwa lile la utundu ninalolifahamu.

"Magoti yako yanauma leo."

"Hayaumi hata kidogo."

"Yanauma," akasema, akisikiliza mlio wa geti. "Kaa hapo uyasugue."

Nikaelewa. Fundi bomba alipoingia alimkuta mama yake amesimama ndani ya gauni jeupe, mkono mmoja juu ya cherehani, na mimi kwenye kiti naguna na kusugua magoti yasiyouma.

"Gauni gani hilo?" akauliza, ingawa alishaona.

"La kuzikiwa. Njoo unikunjie upindo, mkaza mjomba wako magoti yamemgomea."

"Ngoja kwanza nitazame bomba la jikoni."

"La jikoni halina haja ya kutazamwa, halifunguki! Na mimi siwezi kusimama sana, baba. Harakisha."

Yule kijana alikulia chini ya meza ile ya cherehani, akiokota pini sakafuni. Anakunja upindo vizuri kuliko mimi. Na kwetu, mshonaji akikunja upindo pini hazikai mezani. Anazibana midomoni ili mikono ibaki huru. Akapiga magoti, akafungua mdomo kama zamani, na mama yake akamjaza pini.

Hapo ndipo wifi akaanza. "Siku nikiondoka..."

"Mmh! Mmh-mmh!"

"Utameza pini," nikamwonya.

"Siku nikiondoka," akaendelea kwa raha, "usimlaumu daktari, kajitahidi. Huyu mkaza mjomba wako usimwache apweke, ingawa ushonaji wake ni aibu." Mkono wake ukashuka kwenye kichwa cha mwanawe. "Nakwambia kweli, naogopa. Lakini kidogo. Yesu alilazwa kaburini kabla yangu, akatoka, na mlango hakuufunga. Wewe umekuwa mwana mwema. Nakubariki."

Jitu lile lilikuwa linalia bila sauti, pua inavuja kuliko bomba lolote alilowahi kutengeneza. Lakini mikono haikusimama. Pini zikapungua moja moja mpaka mdomo ukabaki mtupu, na wifi na mimi tukamtazama. Sasa angeweza kusema lolote. Angeweza pia kukimbilia spana.

Akajifuta kwa kiganja. "Mama, nyuma limezidi. Nipandishe?"

"Pandisha. Nikiitwa nataka nitembee haraka."

Akapandisha. Halafu, bado ameinamia upindo, akasema, "Basi ukifika, mama, nisalimie mjomba."

"Nitamsalimia," wifi akajibu, na sauti yake sasa ndiyo iliyokatika. "Nitamwambia mkewe bado hajajifunza kupima."

Tukacheka wote watatu, huku mimi na mwanawe tumemshikilia wifi asianguke na pini zile.

Asubuhi nikaenda jikoni na taulo langu kama kawaida, nikakita miguu, nikavuta kwa nguvu zote. Bomba lilikuwa limelegezwa. Maji yakaruka, yakanilowesha kifua kizima.