Mapafu ya Gari la Daktari wa Meno

Jumanne saa tatu asubuhi Kifua alikuwa ameinama ndani ya gari la daktari wa meno, makalio juu, akitafuta hewa ilikokuwa ikipotelea. Gari lilikuwa la zamani, jekundu, la milango miwili na mbwembwe nyingi. Injini yake haikuwa na pistoni. Ilikuwa na pembetatu mbili za chuma zinazojizungusha kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani. Mpaka mizunguko elfu sita kwa dakika lilikimbia vizuri. Hapo njia ya ziada ya hewa ilitakiwa ifunguke. Haikufunguka. Gari likawa linakohoa na malori yanalipita.

Kifua aliusukuma mlango wa njia hiyo kwa kidole. Ukacheza bila kigugumizi. Akakagua mipira ya hewa, haikuwa na ufa. Kikabaki kikombe kidogo cha bati chenye utando ndani, ambacho kikifyonzwa hewa huvuta fimbo, na fimbo hufungua mlango. Gereji nyingine hukipima kwa geji. Gereji hii ilikipima kwa Kifua, na jina alilipatia hapo. Alichomeka mpira mdomoni, akavuta. Hewa ikapita tu.

"Shemeji, utando umetoboka," alimwambia mwenye gereji, kaka wa mkewe, aliyekuwa amekalia tairi akinywa chai. "Nipe kile kikombe kipya alicholeta daktari."

"Vuta tena kwanza. Unavuta kama unaonja supu ya mgonjwa."

Kifua akavuta hadi macho yakamtoka. Kitu kikaachia kifuani mwake, taratibu, kama kifungo cha shati, na fimbo ikasogea. Alipotoa mpira mdomoni, fimbo iliendelea kumtii. Akivuta pumzi, mlango unafunguka. Akiitoa, unajifunga.

Alikwenda chooni, nyuma ya gereji, kuona kama umbali ungevunja utii huo. Huko nako mambo yakawa yale yale, ila shemeji alipokanyaga mafuta mpaka elfu saba, kifua kilijaa chenyewe na hakikushuka mpaka mguu ulipoachia.

"Hata kutoka chooni inashika!" shemeji alipaza sauti, ameridhika.

Wakati wa kurudi, Kifua alipita kando ya gari la shemeji, la aina ile ile, boneti wazi. Kikombe kipya cha daktari kilikuwa kimefungwa humo, kinang'aa.

"Shemeji, nakihitaji kile. Nataka kupumua kwa muda wangu."

"Unapumua, au hupumui?"

"Napumua."

"Sasa?" Shemeji akafunga boneti la gari jekundu.

Daktari wa meno alifika saa sita, akasikiliza maelezo huku akifuta miwani.

"Kwa hiyo nikivuka elfu sita, huyu anavuta?"

"Anavuta mwenyewe, daktari. Wewe kanyaga."

"Na nikikanyaga muda mrefu?"

"Punguza kwenye kona, apumue."

Daktari aliona ni utaratibu mzuri. Akaingia, akawasha, kisha akashusha kioo. "Na kile kikombe kipya nilichowaletea, mlikifunga?"

Kifua akafungua mdomo aseme. Mguu wa daktari ukakandamiza, sindano ya mizunguko ikaruka elfu saba, na hewa yote ikaelekea ndani. Neno halikupata usafiri.

"Ndicho hicho," alisema shemeji, akimgonga Kifua kifuani kwa fundo la kidole. "Orijino kabisa."

Daktari alimtazama, akakubali kwamba kimejaa vizuri, akaondoka.

Jioni Kifua alikaa jikoni na mkewe, aliyekuwa akimenya vitunguu.

"Kaka yako," alianza, "kaka yako ni mwi—"

Mabega yakampanda, macho yakatoka. Mkewe akamenya kitunguu kingine, akamsubiri daktari amalize kulipita lori. Lilikuwa refu.

"—mwizi," Kifua alimalizia, akihema.

"Najua," mkewe alisema. "Kapiga simu. Anasema kesho uwahi, kuna gari lingine."