Nyumba ya Kupokelea Mgeni

Kisulisuli kilipita upande wa Wamaza mchana, watu wakiwa shambani. Hakikukawia. Kilipoondoka, migomba ya mjane Emilienne ilikuwa imelala yote, na paa la nyumba yake halikuonekana hata lilikoangukia. Paa lingesameheka, maana nyasi ziko porini. Lakini chini ya paa hilo, juu ya jiko, alikuwa ametundika mbegu zake zote za mpunga zikaushwe na moshi. Zilimwagika matopeni. Alipiga magoti akaokota punje moja moja, lakini hazikujaza hata kikombe.

Wiki mbili baadaye akaja Djamali, kapita, mkuu wa kijiji.

"Mama Emilienne, Mungu amekusikia. Iko kijana anatoka Kasongo kuandika watu wenye upepo uliwaharibia. Atakayeandikwa atapata mbegu mbele ya mvua kubwa. Na atafikia kwako."

"Kwangu, papa kapita? Nimukalishe wapi, juani?"

"Ndiyo maana nakuambia mapema. Wewe ni mama wa kanisa. Usitupatishe haya."

Basi wanawake wa kanisa wakakata nyasi, wakaezeka. Migomba ikaburutwa ikatupwa mbali, kuta zikapakwa udongo mweupe, uwanja ukafagiliwa. Jirani yake Laura alisimama mlangoni pa nyumba yake iliyobomoka, akacheka.

"Mie nimechoka. Akute vile iko."

Emilienne alimsikitikia kwa uvivu huo, akamwombea.

Siku yenyewe aliazima bakuli la mchele, akachinja kuku wake mmoja aliyebaki. Kijana, jina lake Plamedi, alifika kwa pikipiki, matope mpaka magotini. Alikuwa na adabu. Alikula akashiba.

"Mama, kwako kuzuri," alisema, na Emilienne akafurahi, Mungu amsamehe.

Kisha Plamedi akatoa simu yake ya kuandikia.

"Paa?" Akatazama juu. "Iko. Chakula?" Akatazama sahani. "Iko. Mifugo?"

"Ilikuwa huyo kuku, mwanangu. Uko naye tumboni."

Wakacheka wote. Emilienne akasogeza kiti.

"Sasa andika mbegu."

"Ziko wapi?"

"Upepo ulizimwaga zote. Na paa hili ni la juzi."

"Mama, mie naandika kitu macho yangu inaona. Kila mutu ananiambia alikuwa na mbegu."

"Ni kweli, paa liliruka," Djamali akadakia.

"Mbona basi mumenionyesha nyumba nzima?"

Mgeni hapokelewi katika magofu. Nani asiyejua hilo? Plamedi mwenyewe alilijua, mama yake kule Kasongo angefanya vilevile. Akainamisha macho. Lakini simu ilitaka picha.

Emilienne akainuka, akashika mti mrefu, akaanza kuchokonoa nyasi za paa. Fungu la kwanza likaanguka, kisha la pili.

"Mama, acha!" Plamedi akamshika mkono. "Huo si upepo tena. Ni wewe."

Akavuka njia hadi kwa Laura, akapiga picha mgomba uliolalia kitanda. Akarudi, akashukuru tena kwa chakula, akapanda pikipiki yake.

Mvua kubwa ilipokaribia, majina yalisomwa Wamaza. Laura alikuwemo. Emilienne alingoja mpaka karatasi ikakunjwa.

Jioni Laura akaja, bila dhihaka.

"Mama, kesho uje tulime kwangu. Nitakupa vikombe viwili vya mbegu."

Vikombe viwili havitoshi hata pembe moja ya shamba. Emilienne alikwenda. Mpaka adhuhuri walikuwa wamelima sehemu kubwa, wakaketi kivulini, Laura akafungua sufuria ya muhogo na majani yake, sombe, akafumba macho kungoja baraka. Miaka yote, penye chakula na watu wawili, aliyeomba alikuwa Emilienne.

"Mama? Tuombee basi."

Emilienne alikuwa anatazama mistari waliyoichimba, myeusi, inayosubiri mbegu za mtu mwingine.

"Omba wewe," akasema, akanyoosha mkono kwenye sufuria.