Mpeasi Ulioshikwa na Moto

Ervin, mdogo wa marehemu mume wangu, alikuja Jumamosi mchana. Alisimama barazani, kahawa akaikataa.

"Shemeji, ule mpeasi bado umesimama."

"Umesimama. Yule msomi wa chuo anaufanyia kazi."

"Msomi ana mipeasi mingapi? Mimi nina safu nzima, michanga, ng'ambo ya uzio wako. Joto likirudi ule ugonjwa utatoa jasho, nyuki wataubeba, na nyuki hawajui mpaka."

Ugonjwa wenyewe sisi tunauita moto, maana matawi hugeuka meusi kama yaliyobabuliwa. Nilimwambia nitafikiri.

"Fikiri upesi, Lovina. Jumapili ya juma lijalo ni baraza la kanisa, kabla ya meza ya Bwana. Shemasi akiniuliza kama nina amani na kila mtu, sitamdanganya."

Hapo akawa amenishika. Kwetu mtu mmoja akisema hana amani, kanisa zima linangoja na mkate haumegwi. Nimeshaona watu wakingoja hivyo hadi theluji ikaanguka, kwa sababu ya ugomvi wa ndama mmoja.

Mti sikuuonea uchungu, matunda yake yalikuwa makavu tangu zamani. Nilichokionea uchungu ni Jumatano. Tangu Menno, mume wangu, afariki, wanangu wako mbali na majirani wana mavuno yao. Kila Jumatano Renata, yule msomi, alikuwa akija na gari lake dogo, akikata vipande vya tawi, kisha akikaa mezani kwangu mpaka jioni.

Siku moja alinionyesha picha za ndani ya mti, zilizokuzwa. Katika picha ya kwanza mrija wa maji ulikuwa umejaa kitu kama uji ulioganda.

"Hao ndio bakteria, mama Lovina. Mmoja peke yake hana nguvu, maji ya mti yanamsomba. Lakini ana protini za kushikia, kama vidole. Anashika ukuta, anamshika mwenzake, wanajifunika ute, wanakuwa utando. Mti unakufa kiu na maji yako mizizini."

"Na huu mweupe, wa picha ya pili?"

"Hao wa humo tuliwaondolea protini moja, kule maabara. Wakashindwa kushikana."

"Sasa wanafanya nini?"

"Wanaelea tu."

"Hawafi?"

"Wanaishi. Ila hawawezi kitu." Akacheka. "Mama, unawaonea huruma bakteria?"

"Nauliza tu. Kula pai yako."

Picha ile nyeupe niliitazama muda mrefu kuliko ile nyingine.

Jumatatu nilisali, nikachukua msumeno na ndoo ya maji yenye dawa ya kung'arishia nguo. Kila tawi nililokata, nilichovya msumeno, nisije nikaambukiza miti yenye afya iliyo karibu. Shina lilinichosha. Kisha nikayachoma yote pale pale. Ervin alipoona moshi alikuja na reki, akakusanya majani mpaka moto ukatulia.

"Ungeniita," alisema.

"Kwa hasira uliyokuwa nayo ungekata mpaka ghala."

Alitabasamu kidogo, akakubali kahawa, akainywa amesimama, akaenda kukamua ng'ombe.

Jumatano Renata akashuka garini na kisu na vichupa vyake, akasimama mbele ya kisiki.

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Ungeniomba ningoje, nami ningengoja."

Alikaa mezani akizungusha kijiko. "Nikuambie kweli? Vipande vilinitosha tangu Agosti, nami nikaendelea kuja."

Nikamwongezea supu. Alipovaa koti nilijikaza nikamwambia, "Jumatano ijayo hakuna mti. Kuna kuku na tambi. Ukipenda."

Alinishika mkono. "Nitajaribu, mama. Masomo ya muhula huu yamenibana, lakini nitajaribu."

Binti zangu walio mbali nao huniandikia hivyo.

Nilimfungia chupa ya peasi za mwaka jana, akaondoka.

Jumapili tulikaa kwenye mabenchi ya ibada nyumbani kwa kina Yutzy, ambao ilikuwa zamu yao kupokea kanisa. Upande wa wanaume nilimsikia Ervin akijibu kwamba ana amani, tena kwa sauti, makusudi nisikie. Kisha shemasi akaja upande wetu, akiinama kwa kila mwanamke, mpaka akanifikia.

"Dada Lovina, una amani na Mungu na watu wote?"

"Ninayo," nikamwambia, na ilikuwa kweli. Hakuwa na swali lingine; kuhusu Jumatano hakuniuliza. Akainama kwa aliyefuata.