Mzimu Aliyekaribisha Wageni

Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema watu. Katika filamu ya Syntiche wageni walikuja, na mwenyeji alikuwa amekwisha kufa.

Aliyeigiza mzimu wa nyumba ile ni mama yake mzazi, Mama Philomène, kwa shuka moja na unga wa muhogo usoni. Alitakiwa apige yowe wageni wakiingia. Lakini alipowaona mlangoni mazoea yalimshinda: “Karibuni. Mumekula?” Doudou, mpiga picha, alitaka kipande kile kirudiwe. Syntiche alikataa. Kabla filamu haijakamilika, mama akaugua, akafariki.

Leo ukumbi wa parokia ulikuwa umecheka mpaka mwisho, na sasa watazamaji walikuwa wakitoa maoni.

“Muzimu gani huyu anauliza watu kama wamekula?”

“Mimi ningekaa, ningengoja na samaki, ndakala.”

Doudou, aliyekuwa akiendesha projekta, akamwinamia Syntiche. “Watu walikuja kuogopa. Uwaombe radhi.”

Syntiche alikuwa akimtazama baba yake, Papa Ruffin, kwenye benchi la mbele. Tangu mazishi, mzee hakuwa ameisikia sauti ya mkewe mpaka leo.

“Doudou, mwanangu,” alisema Papa Ruffin, “rudisha pale anapotukaribisha.”

Doudou akarudisha. Mzimu akasimama tena mlangoni. “Karibuni. Mumekula?”

“Bado, Mama Syntiche,” mzee akajibu polepole.

Syntiche akaenda kusimama mbele ya watazamaji.

“Filamu yangu haitishi, nimesikia,” alisema. “Radhi siombi.”