Mateka wa Mtani

Pazi alipotangaza barazani kwamba Ashatu wake hatatia mguu darasa la tano, Dunda nzima, mtaa wetu hapa Bagamoyo, ilijua kabla kahawa haijapoa, na wenzetu wa mtaa wa Magomeni wakapata habari kabla ya adhuhuri. Hakuwa mtu wa kunong'ona, Pazi. Alikuwa mnadi wa samaki kule sokoni, na heshima yake yote ilikaa kwenye ulimi. Akisema "Imekwenda!" samaki amekwenda, hata aje tajiri Mahfoudh na nyongeza ya namna gani, Pazi harudi nyuma. Ndiyo maana wavuvi walimwamini. Na ndiyo maana tulipomsikia akisema, "Ashatu keshakua, ataingia ndani awe mwali kama wenziwe, na neno langu ndilo hilo," tulijua mambo ya mtoto yamekwisha.

Mkewe, Mwanamkasi, alilia siku ile. Kesho yake akanyamaza, na sisi majirani zake kule kunyamaza ndiko kulikotutia hofu.

"Mimi sikusoma," alituambia kisimani, ndoo ipo kichwani tayari lakini haondoki. "Barua ya msiba wa mama yangu niliitia kifuani tangu asubuhi mpaka magharibi, nikitembea nayo kwa furaha, najua nimeletewa salamu. Ashatu hatatembea na msiba kifuani bila kujua. Hatatembea nao!"

Mtoto mwenyewe alikuwa na kichwa chepesi. Mtihani wa darasa la nne aliwapita wavulana kemkem, na wanawake wa mtaa ndiye waliyempelekea barua za waume zao walio kwenye mashamba ya mkonge awasomee. Alisoma, akanyamaza, na siri ya mtu hakuitoa hata ukimpa kashata. Mimi nilijaribu.

Mwalimu Bwanausi, mkuu wa shule, alikwenda kumsihi Pazi. Akakaribishwa vizuri, akanyweshwa kahawa, akasindikizwa mpaka njia panda, na jibu likawa lilelile. Kaka yake Pazi akaja kutoka Lugoba. Naye akala wali kwa samaki, akarudi kwao. Siku zenyewe zikawa zinakimbia, maana shule ilikuwa inafunguliwa Jumatatu.

Basi katika wiki ile ile ndipo ikavuma habari ya wageni. Chama kimoja cha Dar es Salaam kilikuwa kinapeleka watu mashuleni kuhutubia wazazi na wanafunzi, na Jumamosi ilikuwa zamu ya Bagamoyo. Bwana DC alitoa ruhusa kwa sharti moja: wazungumze adabu, haki na uraia, wala wasiguse siasa. Haki isiyo na siasa inafananaje, hilo Bwana DC hakutueleza.

Wageni walifika Ijumaa na lori la mchana, wawili. Mkubwa alikuwa Bwana Muhidini, mtu wa Kariakoo, tarbushi nyekundu na miwani, mwenye kuzungumza kama anayesoma khutba. Wa pili kijana mrefu, mwembamba, amevaa suruali ya kaki iliyopigwa pasi ikasimama. Wakafikia kwa Mwalimu Bwanausi, na sisi wanawake tukaitwa kumsaidia mkewe jikoni. Nani angekataa? Jikoni ndiko habari zinakoivia.

Nilikuwa nakuna nazi. Mwanamkasi alikuwa kwenye sufuria ya pilau. Mke wa mwalimu, bibi Mwaija, akaingia akicheka.

"Yule kijana mwembamba, huyo Bwana Mihayo, nimemuuliza kama anakula pweza. Anasema kwao Tabora mnyama asiye na mfupa hajiamini, na wao hawamwamini."

Mwiko wa Mwanamkasi ukasimama ndani ya sufuria.

"Kwao wapi?"

"Tabora. Mnyamwezi huyo."

"Mnyamwezi mwenyewe? Baba na mama?"

"Ee, mwenzangu, unataka kumposa?"

Mwanamkasi akauacha mwiko. Akafunika sufuria, akajitanda kanga yake, akatoka uani. Mimi na mbuzi yangu ya nazi tukasogea mlangoni, maana mlangoni palikuwa na upepo.

Bwana Mihayo alikuwa ananawa mikono penye pipa la maji.

"Shikamoo, mama," akasema.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ni Mnyamwezi, na mume wangu ni Mzaramo."

Kijana akatabasamu. Nani asiyejua? Tangu siku za misafara, watu wa Tabora walipokuwa wakishuka pwani na pembe za ndovu vichwani, Mnyamwezi na Mzaramo ni watani. Mtani atakutukana sokoni, atakuvua kofia, atachukua kuku wako mbele ya macho yako, nawe huruhusiwi kununa. Ukitaka chako ukikomboe kwa masharti yake. Na kushindwa na mtani si kushindwa. Hakuna aliyewahi kukosa heshima kwa ajili ya mtani.

Mwanamkasi akamweleza yote, ya Ashatu na ya neno la Pazi. "Mimi nikimwambia, kashindwa na mke. Mwalimu akimwambia, kashindwa na mwalimu. Kwako wewe hashindwi na mtu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama." Tabasamu lilikuwa limemwisha. "Lakini kesho nimekuja kuhutubia haki. Bwana Muhidini kanikanya tangu Dar: hakuna mzaha, hakuna kelele. Askari watakuwepo. Wakisema tumefanya fujo, shule nyingine zote tutafungiwa. Nisamehe, mama."

Mwanamkasi akarudi jikoni. Pilau ilikuwa imeshika chini.

Jumamosi shule ilijaa kiasi. Wanaume mbele kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni. Wanawake nyuma karibu na madirisha. Wanafunzi chini, kwenye mikeka. Penye nguzo alikaa Kombo, askari kanzu. Kanzu aliivaa ili asijulikane, na kila aliyeingia alimwamkia, "Kombo, leo umependeza, kuna harusi?"

Pazi alikuja. Asingekosa, palipo na watu wengi Pazi lazima awepo. Alikaa pembeni mwa safu ya mbele, na Ashatu chini karibu na miguu yake, kwani alitaka kuondoka naye moja kwa moja. Nyanya yake Ashatu alikuwa anamngoja kumwingiza ndani siku ile ile.

Bwana Muhidini akasimama. Akahutubia uadilifu. Akahutubia fadhila na madhila, insafu na dhulma, na wajibu wa raia kwa jamii na wa jamii kwa raia. Ilikuwa hotuba nzuri sana, mimi sipingi, ila ilikuwa kama wali uliopikwa vizuri ukasahauliwa chumvi. Mzee Mwinyimvua alianza kukoroma kwenye "uadilifu," akaamshwa, akalala tena kwenye "insafu." Wauza madafu walioingia kutazama wakatoka. Madawati ya nyuma yakaanza kuonekana rangi yake.

Ndipo Pazi akainuka, akajinyoosha.

"Bwana mgeni, tumesikia, ahsante," akasema, na alivyosema yeye taratibu wewe ungesema kapiga kelele. "Sisi wengine tuna shughuli. Twende, Ashatu."

Mtoto akasimama. Hakulia, lakini alivyokuwa anakunja ule mkeka, ncha kwa ncha, polepole, ilikuwa heri angelia. Nikamtazama Mwanamkasi. Alikuwa anamtazama Bwana Mihayo, kijana wa watu, naye kijana alikuwa anatazama viatu vyake.

Pazi akafika mlangoni.

"We Mzaramo!"

Sauti hiyo ilitoka kwenye meza ya wageni. Bwana Muhidini akageuka kama aliyechomwa na mwiba. Mihayo alikuwa amesimama.

"Unakwenda wapi? Nani kakuruhusu? Au umesikia ngoma huko nje? Maana Mzaramo akisikia ngoma huacha hata sufuria motoni!"

Pazi akageuka taratibu, na uso wake, wallahi, ulikuwa unafunguka kama duka.

"Nani anasema? Hebu nimwone. Mnyamwezi huyu?"

"Mwenyewe. Wa Tabora."

"Loo! Watu wangu, fungeni vyakula! Babu yake huyu alifika hapa pwani na pembe kichwani, akaona bahari, akapiga magoti akainywa. Akasema, 'Watu hawa matajiri, mchuzi wao hauna mwisho!'"

Shule ikapasuka kwa kicheko. Mzee Mwinyimvua akaamka akauliza kumetokea nini, hakuna aliyemjibu.

"Kweli aliinywa," akasema Mihayo. "Alikuwa na kiu. Katembea tangu Tabora. Babu yako wewe katembea tangu wapi? Tangu kivulini mpaka kwenye mkeka! Akaiona ile pembe, akaigeuza-geuza, akauliza, 'Huyu samaki gani, mbona ana mwiba mmoja tu?'"

Watu wakaanza kurudi. Waliotoka wakarudi, na ambao hawakuwapo wakaja; madirishani vichwa juu ya vichwa, wauza madafu wale wale, na mke wa Mahfoudh, bibi Shaikha, ambaye hatoki nyumbani ila kwa jambo, akaja na buibui lake na watoto wake wote. Bwana Muhidini alikuwa anavuta suruali ya Mihayo chini ya meza. Mihayo akamwachia meza, akashuka mpaka kati ya watu.

Pazi naye akarudi kati, Ashatu nyuma yake. Wakatupiana maneno mpaka mbavu zetu zikauma. Kisha Mihayo akanyoosha mkono, akamshika Ashatu bega, akamrudisha pale alipotoka, akamkunjulia mkeka wake akae.

"Nimeteka!" akasema. "Huyu ni mateka wangu. Atakaa hapa shuleni, na Mwalimu Bwanausi ndiye mlinzi wake. Haingii ndani kwa mtu mpaka umkomboe."

Kicheko kikapungua. Nikaona shingo ya Pazi imekakamaa. Nikasema moyoni, hapa ndipo. Ama atanuna, aaibike mbele ya mji, mtu mzima hajui utani. Ama atauliza bei.

Pazi akajikuna ndevu.

"Mateka wa utani hukombolewa," akasema. "Taja."

"Uje Tabora. Kwa miguu. Na pembe ya ndovu kichwani, kama alivyokuja babu yangu."

"Pembe nitaitoa wapi, baradhuli we? Ndovu wote mmewala!"

"Basi gunia la chumvi."

"Nusu gunia!"

"Gunia zima, na papa mkavu juu yake."

"Papa nakupa. Lakini Tabora mbali. Nitaufikisha mzigo Lugoba, uje uupokee."

"Lugoba! Babu yangu alipofika Lugoba ndipo alipotua mzigo akapumua. Tabora!"

"Na chakula cha huyu mateka? Kamteka nani? Mlishe wewe!"

"Mateka wa utani analishwa na baba yake. Tena vizuri. Nikisikia kakonda, naongeza gunia."

Hapo sasa sote tulikuwa tumesimama. Na Pazi, Pazi wetu, mbele yake umati, mbele yake mtu anayempandishia bei, damu ya mnada ikamchemka. Alisahau yuko shuleni. Akapanda juu ya dawati la mtoto, akainua mkono vilevile kama anavyoinua sokoni, sauti ikampaa:

"Gunia zima la chumvi! Papa mkavu juu yake! Tabora kwa miguu! Nani anasema zaidi? Bibi Shaikha, husemi? Kombo, husemi? Mara ya kwanza! Mara ya pili! Mara ya tatu..."

Akapiga kofi.

"Imekwenda kwa Mnyamwezi!"

Kisha mkono ukabaki pale pale hewani. Akautazama. Akatutazama sisi. Neno lilikuwa limeshatoka, na mji mzima ulikuwa umelisikia: mpaka chumvi ifike Tabora kwa miguu, Ashatu ni wa shule.

Wavuvi ndio walioanza kupiga makofi, hao wanaomjua. Wanawake tukapiga vigelegele mpaka kuku wa Mwalimu wakatawanyika. Ashatu alikuwa amekaa juu ya mkeka wake, kajiziba mdomo kwa kanga, mabega yanatikisika, na sikuweza kujua analia au anacheka. Nadhani hata yeye hakujua.

Bwana Muhidini, maskini, tarbushi imekwenda upande, akamfuata Kombo penye nguzo. "Bwana askari, naomba uelewe, hii haikuwa katika mpango wetu..."

Kombo alikuwa anajifuta machozi kwa pindo la kanzu. "Mimi nimetumwa kusikiliza siasa," akasema. "Huu ni utani. Endeleeni na haki yenu."

Wakaendelea. Na safari hii, shule imefurika, hakuna aliyelala. Bwana Muhidini akaiacha insafu yake kando, akauliza tu, "Nani ana neno?" Ikawa vurugu nzuri: wavuvi wakalalamikia ushuru wa soko, wanawake wakauliza kwa nini kisima cha Magomeni hakifukuliwi, na bibi Shaikha akauliza darasa la tano wasichana watakaa safu ya ngapi. Kama ile ilikuwa siasa, Kombo hakuisikia. Alikuwa anakunywa dafu.

Jioni nilikwenda kwa Mwanamkasi kurudisha kinu. Pazi alikuwa uani amekaa kwenye kigoda, anajipepea kwa kipepeo cha ukindu kama mtu aliyetoka kazini.

"Mke wangu," akasema, "yule Mnyamwezi alijuaje kwamba mimi Mzaramo? Kofia yangu haisemi."

"Mimi nitajuaje? Mimi nilikuwa nyuma kabisa."

"Nyuma kabisa."

"Karibu na dirisha. Muulize Zaina."

Pazi akanigeukia. Nikainamia kinu, nikakipangusa, kinu kilichokuwa kisafi.

Alitutazama mmoja mmoja. Halafu akacheka peke yake, cheko la chini, ambalo sokoni halijawahi kusikika.

"Huyo mtoto," akasema, "nguo ya shule anayo? Au mtani wangu aje asikie mateka wake anakwenda darasa la tano na kanga iliyotoboka? Ashatu! Njoo hapa, nikuone ulivyo mrefu. Kesho naamkia kwa fundi."